Gesi Haiishi, Hutoroka

"Madam, hii gari yako haina shida. Ni gesi ya AC tu imeisha."

Maneno hayo nimeambiwa mara nne ndani ya miaka miwili, na mafundi wanne tofauti, kuanzia Industrial Area hadi Dagoretti Corner. Mara tatu za kwanza niliyameza. Nikatoa elfu tatu, safari iliyofuata elfu tatu na mia tano, ya tatu elfu nne kwa kuwa "dola imepanda, madam." Kila mara nilirudi South B nikipulizwa baridi usoni kama niliyesimama mbele ya friji la bucha, na kila mara, hata mwezi haujaisha, nilikuwa nimeshusha vioo pale Bunyala Road nikila moshi wa matatu kama kila mtu.

Mara ya nne nikauliza: imeisha, imeenda wapi?

Fundi akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni majimaji. "Inaishanga tu," akasema.

Nikafunga boneti mwenyewe nikaondoka. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haiungui wala hailiwi na kitu chochote. Kompresa huisukuma ikiwa na joto na shinikizo kubwa, kondensa iliyo mbele ya gari huipoza mpaka inageuka majimaji, valvu ya ekspansheni huiachilia ghafla, nayo inapochemka ndani ya ile koili iliyo chini ya dashibodi hunyonya joto la hewa mnayopuliziwa. Kisha inarudi kwa kompresa, mzunguko unaanza upya. Ni gesi ile ile. Ikipungua sana ina maana moja tu: kuna mahali inapotokea. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa zaidi ya elfu kumi kununua hewa ya kumwaga barabarani.

Gari lenyewe ni Toyota MR2 ya mwaka 1987, zile za mwanzo zenye sura ya pembe pembe kana kwamba mtu alizichora kwa rula. Viti viwili, taa za mbele zinazochomoza, na injini ya lita 1.6 iliyokaa nyuma ya mgongo wa dereva. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, miaka ya tisini, kabla ya sheria ya kuzuia magari yaliyozidi miaka minane. Siku hizi halingeruhusiwa kutoka bandarini. Mimi nililinunua kwa mwenzangu wa kazini aliyepata mtoto na kugundua kwamba hesabu ya viti haimkubalii.

Najua mnachotaka kusema. Nairobi, AC ya nini? Mji ambao Julai watu wanavaa kofia za mavini hadi ofisini? Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, joto sikulisikia kwa hadithi, na nawaambieni joto la MR2 ni la namna yake. Joto la Mombasa lina upepo. Hapa una kioo cha mbele kilicholala kama kiti cha ufukweni, jua la Februari linakushukia mapajani, na injini ya moto iko hatua moja nyuma ya kichwa chako. Ukikwama Mombasa Road saa nane mchana, unaiva. Masika nayo ina balaa lake. Gari dogo, pumzi za watu wawili, nguo mbichi, kioo kinaziba ukungu ghafla. Kiyoyozi hukausha hewa kinapoipoza, na ndiyo sababu kioo husafika mara moja ukikiwasha. Bila hicho nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, wa pili unafuta kioo kwa kipande cha leso.

Basi nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ngara, mwenye kibanda cha mabati karibu na maduka ya spea ya Kirinyaga Road. Kazi aliianza kwenye mafriji, akaingia kwenye malori ya kubeba maua na samaki, magari madogo yakaja baadaye. Nilimwamkia shikamoo, akacheka akasema, "Wewe ni mtu wa Pwani. Huku shikamoo tumeacha kwa vitabu vya shule." Toka siku hiyo ananiita Pwani.

Mzee huyu hakugusa geji ya kupimia shinikizo. Hilo lilinishangaza, maana wale wanne wote kitu cha kwanza walichochomoa ni geji na mtungi. Yeye aliniomba nifungue kila kinachofunguka, akainama na tochi, akanyamaza kwa dakika kumi nzima. Kisha akaniita nione waya.

Ulikuwa waya wa bluu, mfupi kama kidole, umesokotwa ncha zake kwenye soketi moja na kuzungushiwa tepu nyeusi iliyoanza kuyeyuka. "Nani alikupigia dairekti?" akauliza. Sikujua hata dairekti ipo. Akanieleza. Mfumo una swichi ya shinikizo. Gesi ikipungua kupita kiasi, swichi hukata umeme wa klachi ili kompresa isizunguke. Si kwamba inamwonea dereva. Oili ya kompresa husafiri na gesi. Gesi ikikosekana, oili hairudi, na kompresa inajisaga yenyewe. Mmoja wa wale mabwana aliona swichi imekata, akaona tatizo ni swichi. Akaunganisha waya, klachi ikanasa, madam akafurahi, elfu nne zikapokewa.

Mzee akafungua mpira wa kompresa akamimina oili iliyobaki kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Ilikuwa ya kijivu. Alipoigeuza juani ikametameta kama rangi ya kucha. Ule mmeto ni chuma. Kompresa ya Nippondenso iliyodumu zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imejitafuna kwa sababu ya waya wa shilingi tano.

Halafu akanionyesha la pili. Vichwa vya kujazia gesi kwenye mapaipu yangu vilikuwa bado vile vya zamani vya skrubu. Maana yake gari lilizaliwa na gesi ya R12, na hakuna aliyewahi kulibadilisha rasmi. Mafundi walikuwa wakifunga adapta na kumwaga gesi mpya, R134a, juu ya mabaki ya zamani.

R12 ndiyo ile iliyokuja kujulikana kwa kutoboa ozoni. Mkataba wa Montreal, ulioanza kwa kuibana na baadaye ukaipiga marufuku, ulitiwa saini Septemba 1987, mwaka ule ule gari langu lilipotengenezwa, kwa hiyo lilizaliwa na hukumu tayari imeandikwa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini viwanda vya magari vilihamia R134a, na nchi kama yetu zikapewa hadi 2010 kuachana na ya zamani kabisa. (Kitu ambacho huwa kinanisumbua: mhandisi mmoja Mmarekani, Thomas Midgley, ndiye aliyeongoza kazi iliyozaa gesi za jamii hiyo, na ndiye huyo huyo aliyeleta risasi kwenye petroli. Risasi yenyewe iliondoka kwenye petroli yetu mwaka 2006. Kwa hiyo MR2 yangu ilipofika Nairobi, ilikuwa ikinywa uvumbuzi mmoja wa Midgley na kupumua mwingine.)

Kuhama kutoka gesi moja hadi nyingine si kubadilisha mtungi tu. Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa mzee alinichora kwenye vumbi kwa bisibisi. Gesi ya zamani ilitumia oili ya madini. R134a haichanganyiki na oili hiyo. Inaiacha imetuama kwenye koili kama uji uliolala, huku kompresa inakauka. Lazima oili ya zamani itoke, iingie ya esta. Pili, chembe za R134a ni ndogo zaidi, hupenya mipira ya zamani polepole. Oringi nyeusi, zile pete za raba za kuzibia viungo, zitoke, ziingie zile za kijani. Draya, ule mkebe wenye chembe za kunyonya unyevu, utupwe kabisa. Tatu, kondensa. R134a hutoa shinikizo kubwa zaidi upande wa moto, na kondensa ya 1987 ni paipu moja ndefu iliyopindwapindwa. Haiwezi kutoa joto haraka kama zile za kisasa zenye njia nyingi nyembamba zinazokwenda sambamba.

Nikamwuliza kama hakuna njia ya mkato. Fundi wa tatu aliwahi kuninong'oneza kwamba anaweza kuniwekea "gesi mix" kutoka mtungi wa jikoni, inapoza vizuri kuliko hata hiyo ya dukani. Mzee hakukataa kwamba inapoza. Propani inapoza kweli, na yapo mafriji yaliyoundwa kutumia gesi za jamii hiyo, kwa kipimo kidogo. "Lakini koili yako iko wapi?" akaniuliza. Chini ya dashibodi. "Ikivuja, inavujia wapi?" Magotini pangu. "Na wewe umekaa katikati ya koili na injini." Mjadala ukaishia hapo.

Kazi ilichukua wiki tatu, si kwa sababu ni ngumu, bali kwa sababu ni Nairobi. Kompresa tuliipata Kirinyaga Road, iliyotumika, tukaizungusha kwa mkono na kuisikiliza kama watu wanaonunua nazi. Kondensa nilitaka ya Probox, maana hapa mjini kila kitu hatimaye hugeuka Probox, lakini niliipima kwa utepe wa cherehani ikazidi upana. Ya Vitz ikakubali, baada ya fundi wa Kariobangi kutengeneza vishikio vinne vya bati. Mipira mipya ilibanwa vichwa Industrial Area. Ukienda huko, sema mapema kwamba unataka mpira wa AC wenye tabaka la nailoni ndani. La sivyo watakupa mpira wa haidroliki, mnene, mzuri wa kutazama, na gesi itapita humo bila kupiga hodi.

Tulipofunga kila kitu, mzee akajaza naitrojeni hadi shinikizo la psi 150, akaandika namba kwa chaki ukutani, akaniambia nije kesho. Asubuhi geji ilisoma 120.

Mnaojua MR2 mtakuwa mmeshaanza kutabasamu. Kompresa iko nyuma na injini, kondensa iko mbele na rejeta, kwa hiyo kuna mapaipu ya alumini yanayokimbia chini ya gari lote kwenda na kurudi. Katika magari mengi mapaipu hayo ni ya urefu wa mkono. Langu lina paipu za kutosha kuanikia nguo za familia. Na linakaa chini, na huu ni mji wa matuta, yaliyopakwa rangi na yale yaliyomwagwa usiku na wenye mtaa.

Tulilipandisha juu ya shimo. Mzee alikuwa na sabuni ya kuoshea vyombo kwenye chupa na brashi ya kunyolea, akianza nyuma na kusonga mbele, kiungo baada ya kiungo. Hakuna povu. Mimi ndiye niliyeona, na hadi leo najisifu. Paipu zote zilikuwa na vumbi kavu la kijivu, isipokuwa sehemu moja chini ya kiti cha abiria, mahali kishikio cha bati kilipokuwa kimepoteza raba yake. Hapo vumbi lilikuwa jeusi, limeganda kama ugoro uliolowa. Nikaligusa, likateleza. Oili. Mahali oili inapotoka ndipo vumbi linaposhika, na oili haitoki peke yake. Mzee akapangusa kwa kitambaa. Chini yake kulikuwa na mchubuko unaong'aa, urefu wa punje ya mchele, ambapo bati lilikuwa limesugua alumini kwa miaka, kila tuta kidogo kidogo. Akapaka sabuni. Tukasubiri. Povu moja dogo likajitokeza, likakua hadi ukubwa wa pilipili manga, likapasuka. Lingine likaanza.

Elfu kumi na kitu zangu zilipitia hapo.

Paipu ilichomelewa kwa argoni, kishikio kikavalishwa raba, naitrojeni ikalala usiku kucha bila kushuka. Ndipo ikaja hatua ya kuvuta hewa, ambayo nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu imewahi kuwagombanisha watu wawili mbele yangu.

Kabla ya kuweka gesi unafunga pampu ya vakuamu, unanyonya hewa yote iliyomo. Shabaha kubwa si hewa, ni maji. Unyevu ukibaki huganda kwenye valvu ya ekspansheni na kuziba njia, na ukikaa na gesi kwa muda mrefu huzaa asidi inayokula vyuma. Huwezi kuufuta kwa kitambaa. Unapunguza shinikizo mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida la mchana na kutoka yakiwa mvuke. Kitabu cha geji kinasema sindano ishuke hadi karibu inchi 29 za zebaki. Kijana anayemsaidia mzee aliwasha pampu, sindano ikashuka hadi 24 na nusu, ikagoma. Akaongeza nusu saa. Bado. Akasema pampu imekufa. Mwenye gari jingine aliyekuwa anasubiri zamu, mtu anayeonekana kuwa amesoma, akasema hapana, kuna tundu, ziangalieni oringi zenu upya.

Mzee alikuwa anakunywa chai. Akasema bila kugeuka, "Hiyo geji imeandikwa na mtu anayeishi baharini."

Geji ya kawaida haipimi utupu wenyewe, inapima tofauti kati ya ndani ya paipu na hewa tuliyosimama ndani yake. Mombasa, hewa inakandamiza kwa takriban inchi 30. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu inakandamiza kwa inchi 24 na kitu tu. Ukishaivuta yote, hakuna nyingine ya kuvuta. Sindano ikifika hapo imefika mwisho wa dunia. Kuitaka 29 ni kudai chenji kubwa kuliko noti uliyotoa. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya maji ya chai Nairobi yachemke kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Nikajiuliza ni mapaipu mangapi mazima yamefunguliwa na kufungwa tena mjini humu kwa ajili ya kosa hilo, na ni pampu ngapi zimeuzwa.

Mwinuko una mkono wake hata baada ya hapo. Geji ya upande wa baridi itasoma kama psi mbili na nusu zaidi ya ile ya Mombasa kwa gesi yenye ubaridi ule ule, kwa hiyo fundi anayefuata kitabu anaweza kudhani amezidisha. Hewa nyepesi pia inabeba joto kidogo inapopita kwenye kondensa, ndiyo maana tuliongeza feni ya pili. Na injini ya lita 1.6, ambayo huku juu imeshapoteza nguvu zake kiasi, ilitetemeka kila kompresa iliponasa kwenye taa za trafiki. Kuna kivalvu kidogo cha kuipa injini hewa ya ziada AC ikiwaka. Kilikuwa kimeziba masizi. Kikasafishwa, ikatulia.

Gesi iliingia kwa mizani. Si kwa kukisia, si kwa kushika paipu na kusema "sasa iko baridi." R134a inahitajika pungufu ya R12, kwa hiyo mzee alianza na asilimia 80 ya uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha zamani, akaongeza kidogo kidogo huku kipimajoto kimechomekwa kwenye tundu la katikati la dashibodi. Kilishuka hadi nyuzi 6 gari likienda, 12 au 13 kwenye foleni. Jumla nilitoa shilingi 71,000. Ndiyo, najua. Agizo la mwisho alilonipa ni kuwasha AC dakika kumi kila wiki hata Julai, kwa sababu sili ya shafti ya kompresa hukauka ikikaa bila oili, na ikikauka inapasuka. "Vaa sweta uwashe, Pwani."

Mwezi wa kumi na mbili nikaliteremsha gari kwenda kwa mama, Mombasa. Baada ya Emali joto likaanza kubisha hodi, Makindu likaingia ndani bila kukaribishwa, nami nimefunga vioo, nyuzi 7 kwenye kipimajoto, nasikia hata mlio wa mkanda wa kiti. Nikasimama Mtito Andei kuweka mafuta. Kijana wa pampu akazunguka gari mara moja, akainama, akanijia na uso wa msiba.

"Madam, gari yako inavuja."

Moyo ukanishuka hadi miguuni. Nikatoka, nikapiga magoti kwenye saruji ya moto, nikaangalia. Chini ya dashibodi, kwenye kibomba kidogo cha raba, matone yalikuwa yanaanguka moja moja na kufanya kidimbwi kama sahani. Nikakinga kiganja. Yalikuwa baridi, hayana harufu, hayatelezi. Maji tu, ya hewa ya Mtito iliyokaushwa na koili.

"Wacha ivuje," nikamwambia, nikajifuta mkono kwa leso.